Kopo la Duara Jekundu

Kula, Maui
14 Novemba

Wifi yangu Lorene,

Salamu hizi zikufikie huko Las Vegas kwenye joto lenu, na zikukute umekaa, maana najua wewe barua huzisoma wima jikoni huku sufuria inaungua. Kaa kwanza. Shemeji hajambo? Mgongo wake umeachia? Na wale vijana wako wawili, bado wanakula kama wameajiriwa kula? Sisi huku tumeamka salama. Ukungu unashuka kutoka mlimani kila saa nane mchana kama kawaida yake, nguo hazikauki, na Nohea ameota meno mawili ya nyuma, basi nikimbeba ananijaribia begani. Mama yako ni mzima. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi za veranda, lakini kula anakula, na kunisema ananisema. Juzi aliniambia wali wangu una maji kiasi kwamba samaki akitupwa humo ataanza maisha upya.

Kasha lako lilifika. Nguo zote zimemtosha Nohea isipokuwa lile koti la buluu, ambalo amelivua mwenyewe na kumvisha mbwa wa Anti Bernadette wa hapa jirani, na mbwa amelikubali. Nimekuwekea pakiti sita za viazi vya kukaanga na vitunguu vya huku kwetu. Anti atavituma Ijumaa akishuka Kahului.

Nakuandikia mchana, mtoto amelala, nimetoka shamba la maua mikono bado inanata utomvu. Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe unaongea sana na mimi naongea kidogo, na ndivyo tulivyofika hapa tulipofika. Uliniambia tiketi umeshakata, kwamba tarehe sita Desemba unakuja kumchukua Mama akaishi nawe, kwa kuwa akili imeanza kumtoka na mimi nina mtoto mdogo na kazi, siwezi kumchunga mtu mzima anayesahau. Wifi, kabla hujaja kukunja nguo zake, naomba usome barua hii mpaka jina langu chini. Nitaanza na yale niliyowaambia watu. Kisha nitakwambia yalivyokuwa. Usiniharakishe, maana nikiharakishwa nitakimbia tena.

Habari yenyewe inaanza kwa Kabuto. Unamkumbuka Kabuto, kinyonga wa pembe tatu ambaye Micah alimwokota barabarani baada ya mvua mwaka ule tuliooana, nusura lori la vitunguu limsage. Baba yenu, Mungu amrehemu, ndiye aliyempa jina, akasema zile pembe ni kofia ya vita ya mababu. Nawe unakumbuka ulivyopiga kelele alipowekwa begani kwako, na Micah akakwambia, "Dada, tulia bwana, wewe ndiye unayemtisha. Tazama, amekuwa mweusi kama mchuzi wa soya."

Mdogo wako hakuwa mtu wa mpangilio. Soksi zake nimewahi kuzitoa ndani ya friji. Ila kwa Kabuto alikuwa kama mfamasia. Alikuwa na makopo mawili juu ya meza ya jikoni. La kwanza kalsiamu tupu, na kwenye kifuniko aliandika KILA SIKU. La pili vitamini, A na D na nyingine sijui ngapi, na kwenye kifuniko hakuandika neno, alichora duara jekundu. Kisha akachora duara kama hilo kwenye kalenda ya ukutani, tarehe mosi na tarehe kumi na tano, miezi yote kumi na miwili. Siku hizo mbili tu kwa mwezi ndipo kopo jekundu lilipofunguliwa. Nyenje wenyewe aliwalisha kwanza majani mabichi na karoti na papai, kwa sababu, alisema, kinyonga anakula alichokula nyenje. Kisha anawatia kwenye mfuko, anabana unga kidogo kwa vidole vitatu, anatikisa. Nilipojaribu mimi mara ya kwanza alinicheka mpaka akashika meza. "Kehau, hukaangi samaki! Nyenje aonekane kama amepita karibu na unga, si kama ameangukia gunia."

Februari akaenda Kaupo kuchuma opihi, wale kombe wanaoganda miambani, kwa ajili ya sherehe ya Nohea ya kutimiza mwaka. Hayo yaliyofuata sina haja ya kukusimulia, ulisimama nami juu ya yale mawe siku nne. Walipata ndoo yake, ina opihi nusu. Walipata kiatu kimoja. Yeye hawakumpata. Neno lake la mwisho kwangu alilisema akiwa ameshika mlango wa gari, kwamba bila opihi watu watasema mtoto wetu kafanyiwa karamu ya makopo.

Na unajua Mama alivyokataa. Lile kabati jeusi la mbao la wazee wetu, lenye picha ya Baba na ile kengele ndogo, kila asubuhi linapata kijiko cha kwanza cha wali kabla mtu yeyote hajaonja. Picha ya Micah hakutaka iingie. Alisema aliyeondoka akarudi, hata maiti, ndiye anayewekewa wali, na Micah hajarudi. Uligombana naye juu ya jambo hilo mpaka ukapanda ndege umenuna. Julai, wakati wa ngoma za wafu kwenye hekalu letu la Kibudha, mtawa alikuja kuomba jina la marehemu wetu mpya lisomwe pamoja na mengine. Mama akampikia chai, akazungumza naye habari za kabichi na konokono kwa saa nzima, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Jina hakulitoa. Kwa hiyo Baba alikuwa anakula kila asubuhi, na Micah, mtu aliyekuwa akiniamsha kuuliza kama kuna chochote kilichobaki, alikuwa halishwi na mtu.

Sasa yale niliyowaambia watu.

Mimi hutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda shamba, nampitisha Nohea kwa Anti Bernadette. Saa moja gari la wazee linampitia Mama kumpeleka kwenye kituo chao, na harudi mpaka saa nane. Mimi hurudi saa sita, nyumba ikiwa tupu. Basi siku moja mwezi wa sita nikarudi, nikaingia jikoni, nikakuta unga mweupe mezani. Alama za vidole vitatu. Kopo la duara jekundu limefunguliwa, na kifuniko kimelazwa kichwa chini, tumbo juu, vilevile alivyokuwa akikilaza Micah. Hakuna mwingine nyumbani anayelaza kifuniko hivyo. Nikaenda verandani. Kabuto alikuwa tawini, mdomo una weupe pembeni kama mtoto aliyeiba maziwa ya unga.

Nilikaa chini sakafuni, Wifi. Sikulia. Nilisema, "Umekuja?"

Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Nikafuta meza, kesho yake unga upo. Ukungu ukianza kushuka na nyumba ikinyamaza, nilikuwa nahisi mtu amesimama nyuma ya mlango wa veranda akivua viatu, anachelewa tu kwa sababu kiatu kimeshika tope. Nilianza kumwachia kikombe cha kahawa. Nilianza kuongea kwa sauti, nikimweleza Nohea kafanya nini. Mama sikumfikiria hata kidogo, kwa sababu unamjua, tangu Kabuto aingie nyumbani hajawahi kumkaribia. Alisema hagusi kitu kinachotazama pande mbili kwa wakati mmoja, na akimwona nyenje anapanda kiti, magoti hayo hayo. Wala sikumuuliza. Kumuuliza kungekuwa ni kupata jibu.

Nilimwambia Anti Bernadette peke yake. Alikuwa anakanda mkate mtamu, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mzimu gani huo, unalisha mjusi na hauoshi vyombo? Huyo ni Micah kweli, hakubadilika. Mwambie akimaliza apitie kwangu, nina kuku ishirini hawajala." Kisha akaona uso wangu, akafuta mikono, akanishika. Akasema nimechoka, nilale.

Mwezi wa nane shingo ya Kabuto ikaanza kuvimba. Mara ya kwanza kidogo, kama amemeza kola ya shati. Mwezi wa tisa ukawa mfuko wa maji kuanzia kidevuni mpaka mabegani, akimeza unatikisika. Ulimi akaurusha mara moja, ukakosa, asijaribu tena. Akawa anakaa chini kwenye udongo, yeye ambaye alikuwa hashuki tawini hata kwa mvua. Rangi yake ikabaki moja tu, kahawia, asubuhi mpaka jioni.

Oktoba, Anti akatupeleka kwa daktari wa wanyama kule Makawao. Ni mwanamke wa makamo, mpole, mikono mikubwa. Alimgeuza Kabuto kwenye mwanga, akabonyeza shingo kwa kidole kimoja, akaniuliza namlisha nini na unga gani. Nikamwambia. Akauliza kopo jekundu mara ngapi. Nikamnyoshea Kabuto kidole ashike. Ndipo akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Alisema kuna vitamini ambazo mwili ukizidishiwa unazikojoa, habari imekwisha. Lakini A na D hazitoki. Zinajirundika kwenye ini, siku juu ya siku, mpaka dawa inageuka sumu. Na hawa wa pembe tatu asili yao ni milima ya Kenya, kwenye baridi na ukungu kama wetu, miili yao ni ya kuridhika na kidogo. Tena huyu anakaa verandani, anaota jua la kweli, vitamini D anajitengenezea mwenyewe. Akasema, "Anayempa huyu anampenda sana. Ni nani?"

Anti alikuwa amesimama pembeni yangu, ameshika mkoba wangu. Mimi nikasema ni mama mkwe. Nikasema ni mzee, siku hizi anasahau, pengine anampa, anasahau kama amempa, anampa tena.

Daktari akaandika. Tulipofika kwake tu, Anti akakupigia simu wewe. Simlaumu, wewe na yeye mmekuwa mkipigiana simu tangu mimi sijazaliwa. Ukanipigia mimi. Ukaniuliza, "Kehau, niambie kweli, Mama anasahau?" Nami nikasema, "Ndiyo, Wifi, anasahau sahau."

Hayo ndiyo niliyowaambia watu. Sasa sikiliza nilichokifanya kwa maneno hayo.

Ulipoongea na Mama juu ya tiketi hakubisha. Hilo peke yake lilipaswa kukushtua, mama yako kutobisha. Alikata simu akaniambia, "Kama Lorene ameona hivyo, atakuwa ameona." Tangu siku hiyo alianza kujiandika mkononi kwa kalamu. JIKO. MLANGO. DAWA. Akawa ananiuliza kama amezima jiko, na jiko limezimwa. Ananiuliza tena. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya sebule anahesabu majina ya ndugu zake waliokufa, kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, kuona kama wote bado wapo. Walikuwepo wote saba. Nguo zake za baridi alishazipanga kwenye kasha la mchele, na juu akaweka kikombe chake cha chai kimefungwa gazetini, tayari. Mwanamke ambaye hajawahi kusahau siku ya kuzaliwa ya mbwa.

Wifi, mama yako hasahau kitu. Hajawahi kusahau. Mimi nilijua tangu Julai.

Ilikuwa wiki ile baada ya ngoma za wafu. Nilifika shamba nikakuta nimeacha mkasi wangu wa maua nyumbani, msimamizi akaniruhusu nirudi mara moja. Nilikuja kwa upande wa veranda, nikapita dirisha la jikoni. Mama alikuwa amevaa nguo yake nzuri, ile ya kijivu. Alinawa mikono, akasukutua, kama anavyofanya kabla ya kufungua kabati la wazee. Akapakua kijiko cha kwanza, akampelekea Baba, akagonga kengele. Halafu akarudi mezani. Akafungua kopo la duara jekundu, akalaza kifuniko kichwa chini. Nikaelewa pale pale Micah alikojifunzia, maana hata kifuniko cha sufuria ya wali Mama hukilaza hivyo, na mimi miaka minne nimekaa naye sikuwahi kuona. Akatoa nyenje kwa kijiko kirefu, uso ameugeuzia ukutani, akawatia kwenye mfuko. Akatia unga kwa vidole vitatu, akatia tena, akatikisa kwa muda mrefu. Akaenda verandani kwenye kizimba cha Kabuto. Akafungua, akamwaga, akaunganisha viganja. Nikamsikia anasema, "Kula, mwanangu. Huko kuna baridi."

Baadaye alinieleza mwenyewe. Hakuweza kumwekea Micah wali, kwa kuwa kumwekea wali ni kusema amekufa. Lakini hakuweza pia kukaa anakula asubuhi na mtoto wake hana kitu. Kabuto ndiye kiumbe wa mwisho aliyelishwa kwa mkono wa Micah, asubuhi ile ile ya Kaupo. Basi akaona atakachopewa kinyonga kitamfikia Micah. Na kopo jekundu alilichagua kwa sababu lilifunguliwa mara chache, ndilo la heshima. Aliye mbali hapewi cha kila siku. Anapewa kilicho bora.

Mimi nilirudi kwenye gari bila mkasi.

Nilijua kalenda inasemaje. Nilijua mara mbili kwa mwezi. Ningeweza kuingia nikasema, "Mama, la kila siku ni lile jingine," ingechukua muda wa kumenya yai. Sikusema. Shingo ikavimba, sikusema. Na si hilo tu, Wifi, na hapa ndipo kalamu yangu inapotaka kuanguka. Kopo liliisha mwezi wa nane. Mimi ndiye niliyeshuka Kahului kununua jingine. Nilikaa na kalamu nyekundu ya Micah nikalichorea duara kwenye kifuniko, nikaliweka mahali pale pale. Mwezi wa kumi nikanunua la tatu.

Utaniuliza kwa nini. Nitakwambia, ila sitakuomba ulielewe. Nikiingia kutoka shamba saa sita, macho bado yana jua la nje, naona ule unga mezani na kifuniko kimelala tumbo juu. Najua ni Mama. Lakini kujua huko huwa kunachelewa kidogo. Kwa muda ambao maji ya kikombe kimoja yanachukua kuchemka, ni yeye. Yuko ndani ya nyumba, kamaliza kumlisha mnyama wake, yuko verandani anavua viatu. Kila siku nilikuwa na mume kwa muda huo. Nikaona kinyonga akivimba, nikasema moyoni, kesho. Nitasema kesho. Nilimuuza Kabuto kidogo kidogo kwa bei hiyo, na alipoulizwa aliyefanya, nikamwuza na mama yako.

Jumapili, wiki mbili zilizopita, nilimwambia. Nilimpigia magoti kwenye mkeka, nikamwambia yote, dirisha, makopo, daktari, simu yako. Alinisikiliza akiwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Nilikuona."

Nikasema, "Lini, Mama?"

"Siku ile. Kioo cha kabati la wazee kinaonyesha dirisha. Nilikuona umesimama, nikakuona unaondoka. Nikasema, sasa atakuja kunizuia. Hukuja. Halafu kopo lilipoisha nikakuta jipya, lina duara limepinda pinda kama yai, si la Micah lile. Nikasema basi, tuko wawili."

Kisha akaniangalia mara ya kwanza. "Kumbe si mimi ninayesahau. Wewe ndiye wa kupelekwa Las Vegas." Akacheka, Wifi. Akacheka mpaka maharage yakamwagika, halafu kicheko kikageuka, na nilimshika kama ninavyomshika Nohea akiamka na homa. Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu Februari. Mpaka siku hiyo kila mmoja alikuwa akilia upande wake wa ukuta.

Akanyanyuka, akafungua droo ya chini ya kabati, akatoa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na picha nne za Micah, alizikata na kuzitafutia fremu tangu mwezi wa tatu. Zote alikuwa nazo humo, amezificha miguuni mwa baba yake. Akaniambia nichague. Nilichagua ile ambayo Kabuto amekaa juu ya kofia yake, wote wawili wanatazama pembeni. Jumatatu asubuhi akapika wali yeye, akasema wangu utamfukuza. Vijiko viwili. Mimi nikagonga kengele, Nohea akapiga makofi akidhani ni mchezo, akataka igongwe tena. Tukaigonga tena.

Kabuto yu hai. Daktari anasema ini lake limeumia, hawezi kuniahidi. Mimi kwa aibu yangu nilikuwa nimemnyima kila kitu siku nane, hata kalsiamu, mpaka daktari alipopiga simu kuulizia akanikemea. Alisema nisimwadhibu mnyama kwa hatia zangu, akikosa kalsiamu mifupa yake italegea kama jani lililonyauka, taya litapinda, atakufa kifo kingine. Kidogo kila siku, alisema, tupu, kama amepita karibu na unga. Vitamini zisubiri mpaka uvimbe ushuke. Leo asubuhi uvimbe umepungua nusu. Alipanda tawi la kwanza. Alirusha ulimi mara mbili, akakosa moja, akapata moja, na Mama, aliyekuwa amesimama mbali kwenye mlango na mkono mdomoni, akasema, "Huyo ndiye mwanangu, hajui kulenga."

Kwa hiyo, Wifi, njoo Desemba. Njoo, nakuomba, chumba chako nimekitandika. Lakini njoo uone picha ya mdogo wako, ukae na Mama kwenye kijiko cha kwanza. Mama yako haondoki nyumba hii kwa sababu ya uongo wangu. Kama umekasirika, nikasirikie mimi, mimi ni kijana, nitabeba. Yeye mwenyewe anasema kama ni wiki moja ya kucheza zile mashine zenu za Las Vegas atakuja hata kesho, kama ni kuishi, anauliza nani atamwagilia kabichi. Kasha la mchele amelifungua, kikombe kimerudi kabatini. Mkononi bado ameandika kitu kimoja. Nilimshika nikasoma, nikidhani ni jiko tena. Ameandika KUMI NA TANO.

Kesho ndiyo tarehe hiyo. Kwenye kalenda duara la Micah lipo, na Mama amempigia daktari simu mwenyewe, amepigana naye, na wamefika mahali. Tarehe mosi hapana kabisa. Kesho robo ya kibano, kwa nyenje mmoja, Mama ndiye atakayetia.

Nikuambie na hili la mwisho, kisha nimwamshe mtoto. Wiki hizi mbili narudi saa sita nakuta meza safi. Nilidhani nitapumua. Nasimama mlangoni na mkoba begani, naitazama ile meza jinsi inavyong'aa, na nyumba imenyamaza kwelikweli, hakuna anayevua viatu nje. Nimemwomba Mama jambo moja, naye amekubali bila kuniuliza. Kila kopo jekundu likifunguliwa, kifuniko akilaze tumbo juu, na unga utakaodondoka auache. Siku hizo meza nitaifuta mimi, jioni.

Msalimie Shemeji, mwambie mgongo hautaki sofa, unataka sakafu. Wabusu vijana hata wakikataa. Anti Bernadette anakusalimu na anasema hajutii kukupigia simu. Mama anakusalimu, na anasema wali wako pia una maji.

Mimi wifi yako, niliyekukosea,

Kehau